Firigisi ya Mama Ndelilio

Wanaosema Eliona aliondoka kwa kiburi waje waniambie mimi usoni. Nilikuwepo. Nilimenya naye vile viazi, na mdomo wa kusema ninao.

Eliona alikaa na shemeji yangu Basili miaka saba bila ndoa ya kanisani. Basili ana kazi Dar. Anapanda mlimani Desemba kama watu wetu wote, anakula, anaahidi ndoa, Januari anateremka. Eliona alibaki huku juu ya Tarakea, kwenye kihamba, shamba la urithi la wakwe, anakata majani ya ng'ombe, anapalilia migomba, anamlisha mama yake Basili. Huyo Mama Ndelilio ni kibogoyo, hana hata jino la kusingiziwa. Kila siku Eliona alimpondea kitu, leo ndizi, kesho viazi. Kanisani wenzake walipokwenda kukomunika, yeye asiye na ndoa hakuruhusiwa, alibaki kwenye benchi anaangalia magoti yake. Alitaka kitu kimoja tu duniani, afunge ndoa aitwe mke.

Desemba iliyopita Basili akapiga simu. "Pika kuku wa kienyeji, na vile viazi vyako vya kuponda. Nakuja na mgeni."

Eliona akaja kwangu mbio. "Dada Kornelia, ni katekista! Anakuja na katekista tuandikishe ndoa. Mgeni gani mwingine wa kuagiziwa kuku kwa simu?"

Na mimi, mjinga mkubwa, nikaamini. Tulicheka mpaka tukatokwa machozi.

Mume wangu Thadeus, ndugu yake Basili, alikuja kuchinja, maana kwetu mwanamke hashiki kisu cha kuchinjia. Jogoo alikuwa wa Eliona mwenyewe, aliyemlea tangu kifaranga. Tukamchemsha na tangawizi na kitunguu saumu mpaka akalainika, tukamkaanga, tukamrudisha kwenye rosti ya nyanya. Viazi hakuniachia. Alimwaga maji yote, akavirudisha motoni vikauke, akaviponda kwa mwiko vingali vinafuka, huku anatia maziwa yaliyochemka kidogo kidogo. "Maziwa baridi yanaviharibu, Mama anakabwa," alisema. Jasho linamtiririka, na bado anaimba nyimbo za harusi.

Firigisi aliipika kwa woga. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na anayempelekea ni mkewe. Mwanamke haionji. Mwaka wake wa kwanza pale, Eliona aliikata kipembe kidogo aone kama imeiva. Loo! Mama Ndelilio alimwita mlafi mbele ya majirani, akamrudisha kwao Mabogini akalete jogoo wa kuomba radhi. Na alileta.

Mchana gari likaingia. Akashuka Basili, kisha mwanamke aliyevaa vizuri, tumbo mbele. Eliona akawa anachungulia nyuma yao. Nadhani alikuwa bado anamtafuta katekista.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mama Ndelilio akaita kutoka kitini, akamkumbatia yule mwanamke.

"Anaitwa Doris," Basili alisema.

Tukaketi. Eliona akanawisha watu mikono, akapakua. Sahani ya Basili akaipamba, viazi vyeupe chini, rosti pembeni, firigisi juu. Akapiga goti ampe.

"Ngoja," Mama Ndelilio akasema. "Firigisi inapelekwa na mke. Mpe Doris ampelekee mumewe."

Ndivyo alivyoambiwa, jamani! Mbele za watu, sahani mkononi. Basili akainamia simu yake. Hapo ndipo nikaiona pete ya Doris, nikakumbuka Oktoba. Mama mkwe alituaga kwamba anakwenda Dar kutibiwa macho, Eliona akamfulia gauni na kulipiga pasi. Macho gani! Bibi alikwenda harusini, na gauni lililofuliwa na Eliona.

Eliona akamkabidhi Doris sahani. Mchuzi haukumwagika hata tone. Doris, mtoto wa mjini, hajui hili wala lile. Akaishika firigisi kwa vidole, akaitafuna yeye.

Nikamtazama mama mkwe, nikangojea matusi. Bibi akacheka. "Mwacheni mwanangu, ana mimba. Mimba ina hamu zake."

Doris akalamba vidole. "Huyu dada anapika jamani! Mmempata wapi? Na mimi nataka dada wa kazi kama huyu."

Basili akajibu, "Ni wa hapa hapa kijijini."

Nilifungua mdomo, Thadeus akanikanyaga mguu chini ya meza.

Mama Ndelilio akagonga bakuli kwa kijiko. "Eliona, vyangu vimepoa. Nitilie maziwa ya moto."

Eliona akaenda jikoni, akachemsha maziwa, akavipondaponda upya, akamletea. Kisha akafungua kanga iliyokuwa kiunoni, akaiweka mapajani pa Doris. "Vya usiku utampondea Mama wewe," alisema. "Maziwa yachemke kwanza." Akachukua mfuko wake, akateremka barabarani kungoja gari la kwenda Moshi. Basili alimwita mara moja tu, kumwambia asimtie aibu.

Doris hakumaliza wiki, moshi wa kuni ulimshinda, wakarudi Dar. Eliona yuko Mabogini, anapandikiza mpunga kwenye mashamba ya watu. Jumapili bado anabaki kwenye benchi, maana kwa watu yeye ni mwanamke aliyeachwa, na ndoa yenyewe hakuwahi kufunga. Asante ya punda ni mateke.

Mama Ndelilio sasa analishwa na mimi. Majirani wakiniona na sahani wananisifu, mkamwana mwema huyo. Jumapili nampelekea kuku, wa kukaanga, mkavu. Juu naweka firigisi.

"Kornelia mwanangu," ananibembeleza, "nipondee kidogo."

"Firigisi haipondwi, Mama. Wewe ndiye mwenye nyumba sasa. Kula heshima yako."

Jioni nikirudi kuchukua sahani, naikuta firigisi nzima, imelowa mate.