Vyungu Vibichi vya Mazingara

Nilifunga safari kwenda Handeni kwa sababu msimamizi wangu wa masomo alikataa tasnifu yangu. Nasomea jinsi chembe za unga wa udongo zinavyoshikana motoni bila kuyeyuka, mpaka unga unakuwa kitu kigumu. Kwenye kompyuta nimebuni chembe za duara, nazipasha moto na kutazama zinavyoungana. Lakini vipande vyote vya vyungu nilivyowahi kuvipiga picha kwa hadubini vilikuwa vimeshaiva. Msimamizi akasema nisirudi ofisini kwake bila picha za udongo ulioiva nusu.

Korogwe nilishuka asubuhi. Gari la Handeni lilijaa, dereva akaenda kunywa chai, akanogewa. Nilikuwa nimeshakasirika kabla safari haijafika nusu.

Katika kijiji cha Mazingara nilipokewa na mfinyanzi niliyeelekezwa kwake, Mama Mwanahawa. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu: atoe vyungu vidogo motoni kabla havijaiva. Akakubali bila ubishi. Kisha akaniambia nikakae mbele ya nyumba na mumewe, Mzee Rajabu, maana kwao mwanamume hasogei panapochomwa vyungu, akisogea vinapasuka. Nilikuwa nimebeba kipimajoto kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya moto huo. Nikabaki nimekipakata, natazama moshi juu ya paa. Mzee Rajabu alinifariji kwamba yeye amezeekea hapo na moto wenyewe hajauona.

Jioni vyungu vililetwa, vyekundu, vinapendeza. Nilipovigonga vikalia kwa sauti kali ya chungu kilichoiva. Nikauliza kulikoni.

"Nilivitoa kama ulivyosema, mwanangu," Mama Mwanahawa alisema. "Nikavitazama, nikaona vibichi, nikavirudisha. Mgeni ataondokaje kwangu na vyungu vibichi?"

Nilitaka kufoka, lakini mbele yangu palikuwa na ugali na kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu. Nikala kwa hasira.

Kesho yake alikuwa na vingine vya kuchoma. Nilimwomba Mzee Rajabu anisemee kwa mkewe, wakazungumza Kizigua kwa muda mrefu, sauti ya mama ikipanda. Mchana aliniletea vitatu, amevifunga kwenye kanga kuukuu, akaniomba nisivifungue mpaka nitoke kijijini. Nilivipapasa juu ya kitambaa, vikamomonyoka pembeni. Nilifurahi kupita kiasi, kisha nikaona uso wake ulivyomshuka.

Njia nzima ya kurudi nilivipakata. Kimoja kilivunjika kabla ya Korogwe. Sikujali, kwa kuwa hata kipande kingetosha.

Maabarani, Dar es Salaam, picha zilitoka safi. Chembe zilikuwa zimeanza kushikana, ila hazikuwa duara hata kidogo. Zilikuwa bapa, zimelaliana kama sahani kabatini. Kazi yangu yote ya kompyuta ikaenda na maji. Msimamizi alifurahi sana, jambo lililoniudhi zaidi, akasema sasa nina tasnifu, nianze upya.

Nilimpigia Mama Mwanahawa kumshukuru. Akauliza kama watu wangu wameviona vile vyungu. Nikamwambia wameviona, tumevikuza mpaka kila chembe inaonekana, na picha zimebandikwa ukutani. Nilidhani nampa sifa.

"Basi rudi, mwanangu, nikupe kilichoiva," alisema. "Ukibandike na hicho."

Nimeshakata tiketi ya Korogwe.