Televisheni ya Sanduku la Chai

Televisheni ya kwanza kuonekana mtaani kwetu Bagamoyo ilikuwa sanduku la chai, na kichwa kilichokuwa ndani yake kilikuwa cha mume wangu. Sifanyi mzaha. Miaka ile ya sabini huku bara hatukuwa na televisheni. Unguja walikuwa nayo, na mume wangu alikwenda huko kwenye harusi ya ndugu yake, akaiona ukumbini, watu wamejazana mpaka madirishani. Harusi yenyewe hakunisimulia hata chembe. Nilimuuliza bibi harusi alivaa nini, akanijibu, "Mtani, yule anayesoma habari hana miguu. Anaanzia kifuani." Nikajua hapo nimekwisha.

Mume wangu alikuwa kinyozi. Kiti chake kilikuwa kibarazani kwetu, redio ikining'inia kwenye msumari juu ya kioo, na kutwa nzima alisikiliza taarifa za habari pamoja na uzushi wote ambao wateja waliuongeza. Alipotoka Unguja aliomba sanduku tupu dukani. Akatoboa upande mmoja, akakata chini ili alivae likae mabegani, akaweka pazia la kufungua na kufunga. Pazia lenyewe lilikuwa kanga yangu, tena mpya, tena hakuniomba. Nikikumbuka mpaka leo roho inanichemka. Vizibo vya soda alivigongomelea pembeni viwe vya kuwashia na kuzimia, na mbavu za mwavuli mbovu akazifunga kwenye fimbo, ikawa antena.

Kila Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, alilibeba sanduku kichwani mpaka ukumbi wa maendeleo. Ukumbini kulikuwa na mabenchi mawili mbele, moja la watu wa upande wa pwani na moja la watu wa upande wa barabarani. Yeye alifungua pazia, akakohoa kama mtangazaji, akauliza maswali juu ya habari za wiki ile: mgeni wa taifa alitoka nchi gani, daraja limefunguliwa mkoa gani, timu ipi imefungwa na kwa nini golikipa amesingizia jua. Aliyekosa jibu alisimama pembeni akashika antena juu mpaka mwingine akosee. Picha ikiwa mbaya, mume wangu aliyumbisha kichwa mle ndani na kupiga kelele, "Wewe uliyeshika antena, simama sawasawa, sisi huku tunaona mawimbi!" Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua.

Kilichofanya mchezo uende ni utani. Mume wangu alikuwa Mnyamwezi. Babu yake aliingia Bagamoyo na msafara, pembe ya ndovu begani, akaitua, akapumzika, na hakuwahi kumaliza kupumzika. Mimi ni Mkwere wa Kerege. Wanyamwezi na sisi ni watani, na Wazaramo vilevile, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa watani kabla hatujawa mke na mume, na tuliitana hivyo mpaka mwisho. Mtani utamwambia lolote. Utamwita mwizi mbele ya wakwe zake, naye hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika anatozwa jogoo. Lakini asiye mtani wako humgusi. Wazee wa Kiarabu wa mji mkongwe na mwenye duka Mhindi walipokaa kwenye benchi, mume wangu aliwauliza kwa adabu, wakikosea akawasifu, na antena hawakuishika.

Siku moja, sukari ilikuwa imeadimika, aliuliza, "Wiki hii redio imetangaza kwamba sukari imefika. Imefika wapi?" Mvuvi mmoja wa Kaole, wa benchi la pwani, akajibu, "Imefika redioni." Ukumbi ukapasuka. Mume wangu akampa alama mbili na kumpigia makofi kwa nje ya sanduku.

Wiki ileile alikuwa ameingia Bwana Maendeleo mpya, yule mtumishi wa serikali aliyeshika ufunguo wa ukumbi. Maneno ya sukari yakamfikia. Akamwita mume wangu ofisini, nami nikafuatana naye, maana mdomo wake nilikuwa naujua. Bwana Maendeleo alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, asiyecheka. Tulimsalimu akatuitikia vizuri, akatukaribisha viti, kisha akasema, "Habari za taifa si vichekesho. Jumamosi nitakuja kutazama mwenyewe. Akikasirika mtu mmoja, mmoja tu, nafunga ukumbi, na hilo sanduku likatiwe chai."

Tulirudi nyumbani. Bila ukumbi mchezo haukuwepo. Kibarazani kwetu hata benchi moja halikuenea. Na mume wangu bila mchezo nilikuwa namjua, nilishaishi naye kabla ya sanduku: mtu wa kunyoa, kula na kulala. Tangu aanze televisheni yake alikuwa akiamka anaimba. Mimi, pamoja na hasira yangu ya kanga, nilitaka aendelee kuimba. Nilimwambia, "Jumamosi uliza maswali tu. Usimguse mtu." Akakubali. Akakubali haraka mno, nikaingiwa na wasiwasi.

Kumbe Alhamisi alikuja kunyolewa utingo wa lori lililoleta mizigo ya Bwana Maendeleo. Utingo akasimulia kwamba mizigo ilitoka Dodoma, ikashushwa Chalinze na kupakiwa upya, na kwamba kulikuwa na zeze, limefungwa shuka kama mtoto mchanga, na Bwana Maendeleo mwenyewe alikaa juu ya magodoro amelipakata njia nzima. Mume wangu akaacha kichwa cha utingo nusu hakijanyolewa, akanifuata jikoni.

"Mtani! Yule bwana ni Mgogo!"

"Kakwambia nani?"

"Katoka Dodoma, kapakata zeze. Unataka nini tena, aje na ng'ombe? Wagogo ni watani zetu tangu misafara. Yule hawezi kukasirika hata akitaka!"

"Hebu nenda kamuulize kwanza."

"Mtani haulizwi. Mtani anavamiwa."

Tuligombana hapo, nikamrushia hata mwiko. Yeye alicheka tu, akarudi kummalizia utingo.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Habari ya sharti la Bwana Maendeleo ilikuwa imeenea mji mzima, na watu walikuja wakiwa wamejikaza mioyo wasikasirike, hata wale wenye visirani vyao. Bwana Maendeleo alikaa mbele kabisa, mikono magotini. Maswali ya kwanza yalikwenda salama. Kisha mume wangu akafunga pazia, akalifungua tena, nikajua sasa ndiyo hiyo.

"Habari zilizotufikia sasa hivi," akasema kwa ile sauti ya redioni. "Mgogo mmoja ameingia Bagamoyo na kuiona bahari. Ameuliza ni nani aliyemwaga maji yote haya, na kwa nini hajapewa adhabu. Swali kwa benchi la barabarani: Mgogo huyo alipoonja yale maji alisema nini?"

Wazaramo walikuwa wameshaanza kucheka. Mtu wa benchi la barabarani akapayuka, "Alisema leteni ng'ombe walambe chumvi!" Kicheko kikazunguka ukumbi mzima, mpaka kikafika mbele, kwa Bwana Maendeleo, kikafia hapo. Alikuwa amesimama.

"Mimi si Mgogo," alisema. "Kwetu ni Tukuyu."

Loo! Mnyakyusa! Wanyakyusa na sisi wapi na wapi? Hakuna utani, hakuna hata njia ya kuuombea. Mume wangu alikuwa amemtukana mtu mzima, mgeni, mkubwa wa ofisi, mbele ya mji. Pazia likajifunga taratibu.

Hapo hasira ikanipanda, na sijui ilikuwa ya nani, ya mume wangu mbishi au ya yule bwana na uso wake mkavu. Nikaenda mbele, nikampokonya antena aliyekuwa ameishika, nikalifungua lile pazia la kanga yangu. "Umekosea habari," nikamwambia mume wangu. "Kila anayekosea anashika. Shika!" Akaipokea. Akasimama pembeni na sanduku lake kichwani, antena juu, na hapana aliyecheka.

Bwana Maendeleo alitutazama wote wawili. "Nilisema akikasirika mtu mmoja nafunga," akasema. "Mtu mwenyewe ni mimi. Nafunga."

Watu walitoka kwa kunong'ona. Sisi tulitoka mwisho, naye akatia ufunguo mlangoni, lakini hakuuzungusha. Alisimama pale ameupa mlango uso. Kisha akauliza, "Mgogo kwako ni mtani kweli?"

"Kweli kabisa, Bwana mkubwa," mume wangu akasema mle ndani ya sanduku. "Nisamehe, mimi nilidhani..."

"Hata akiwa amekufa?"

Mume wangu akalivua sanduku. "Akifa ndiyo zaidi," akasema. "Msiba wa mtani ni wetu. Tunakwenda tunamsema marehemu, tunasema hajafa, anakwepa kazi. Tunakamata jembe la kaburi mpaka ligombolewe. Pasipo watani, msiba haujakamilika."

"Mke wangu alikuwa Mgogo," Bwana Maendeleo akasema. "Nilimwoa nilipokuwa Dodoma. Tulikwenda kwetu likizo, akaugua huko, tukamzika huko Tukuyu. Mama yake alisafiri akafika. Msiba mzima alikuwa akiangalia njia. Akaniuliza, watani wake wako wapi? Huko kwetu hakuna watani wake hata mmoja. Watu wangu walimlilia vizuri, lakini mama yake aliondoka anasema mtoto wake amezikwa kama hana kwao." Akauzungusha ufunguo. "Zeze ni la baba yake. Alimwachia yeye."

Mimi nikampokea mume wangu sanduku.

Akautia ufunguo mfukoni. "Jumamosi ijayo njoo nyumbani kwangu na hilo sanduku," akamwambia mume wangu. "Fanya kazi ya mtani. Ukimaliza ufunguo nitakupa."

Wiki ile mume wangu hakuimba wala hakunung'unika. Alinyoa vichwa huku midomo ikimchezacheza, anapanga maneno. Usiku mmoja wakati wa kula aliniuliza kama itakuwa vibaya kumsema mtu ambaye hakumjua hata kwa sura. Nikamwambia, Wagogo wote si unadai unawajua? Akanitazama, akasema kweli.

Jumamosi tulikwenda, mimi nimebeba antena. Bwana Maendeleo alikuwa amefagia uwanja na kutandika mkeka. Mume wangu hakupiga hodi. Alipita moja kwa moja mpaka ndani na sanduku lake kichwani, akarudi amelikumbatia zeze, akaketi mlangoni kuziba njia, akafungua pazia.

"Taarifa ya habari," akasema. "Mgogo mmoja, mwanamke, ametoroka. Mumewe anadai amekufa. Uongo! Wagogo nawajua mimi. Ameona kuni zimekwisha, akasema afadhali nife. Amekwenda kujificha Tukuyu kwenye baridi, mtu aliyezoea jua la Dodoma, sasa hivi anatetemeka huko anatafuta moto wa kuomba. Zeze lake nimelikamata. Silitoi. Na alale hukohuko mpaka ligombolewe!"

Bwana Maendeleo alisimama hajui afanye nini. Nikamnong'oneza, "Ligomboe, shemeji. Jogoo anatosha." Akakimbia nyuma ya nyumba, nikamsikia anamfukuza jogoo huku na huku, mtu mzima wa ofisini na suruali yake ya kunyooshwa. Alirudi na jogoo mkononi na manyoya nyweleni, akaanza kucheka, nilikuwa sijamsikia akicheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka, akakaa chini kwenye mkeka, akalia kwa sauti. Mimi nami nililia, wala sioni haya kusema. Mume wangu alipokea jogoo, akalitoa zeze kwa mikono miwili.

Bwana Maendeleo alipotulia alilipakata, akajifuta uso, akatoa ufunguo mfukoni akaniwekea mkononi. "Angekuwepo," akaniambia, "angemjibu vibaya sana mumeo."

"Angemwambia nini?"

Alifikiri, akimtazama mume wangu pale mlangoni. "Angemwambia Wanyamwezi ni watu wa kubeba tu. Mababu walibeba pembe, na huyu naye, dunia imeendelea, amebebeshwa televisheni."

Tulingoja. Mle ndani ya sanduku mume wangu alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumwona mtani akimshinda, na huyu alikuwa yuko kaburini Tukuyu. Niliinuka, nikaichukua antena ilipoegemezwa ukutani, nikampa aishike.