Fomu Niliyoijaza Bila Kupanda Mteremko

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu: siku niliyomwonea haya shangazi yangu barabarani, pale Kakoba, mtaa wa Mbarara.

Nilikuwa kijana, nimetoka hapa kambini Nakivale kwenda Mbarara kufanya kazi kwa wapanga mji. Walikuwa wakichora ramani ya kuonyesha wapi maghorofa yajengwe na wapi yasijengwe, ili watu wasizibiwe mandhari ya milima na bonde la mto. Kazi yangu ilikuwa kufika kila mahali palipowekwa alama, kusimama, kuuliza wapita njia wanapenda kutazama nini, kisha kujaza fomu. Sehemu moja ilikuwa juu ya mteremko mkali. Jua liliwaka, nami, nakwambia kweli, nilikuwa mvivu. Nikakaa hotelini na sahani yangu ya matoke, nikaandika: "Hakuna cha kutazama."

Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali Shangazi Nabintu, aliyenilea tangu tulipokimbia Kivu ya Kusini. Wakati wa kurudi tulikosa boda, tukapita mteremko uleule. Kule juu akasimama. Nikadhani amechoka. Kumbe anatazama: mto Rwizi chini, na ng'ambo yake milima imefuatana mpaka macho yanashindwa.

"Ona, ni kama kwetu kabisa," akasema, akacheka. Miaka yote ya ukimbizi sikuwa nimemsikia akicheka vile.

Nikainamisha kichwa. Nikamweleza yote: fomu yangu imeruhusu ghorofa palepale, na faili linapelekwa kwa wakubwa wa mji kesho yake.

Kicheko kikakatika, akanijia juu kwa Kiswahili cha kwetu Kivu: "Uliandika juu ya fasi yenye haukuona? Batu mingi banapitaka hapa, na wewe ukabasemea? Twende kwa mukubwa wako. Sasa hivi!"

Mkubwa wangu, mama mmoja Mnyankore, alinisikiliza bila kupepesa macho. Nilingoja kufukuzwa.

"Bahati yako, faili bado iko hapa," akasema. "Enda simama pale mpaka jioni, uliza watu. Ukidanganya tena, usirudi."

Nilikwenda karibu nakimbia. Waendesha boda waliniambia hupumzika pale kwa ajili ya milima ile. Mama muuza nyanya akasema ndipo anapoiona mvua ikija. Nikaandika yote. Ghorofa likahamishiwa chini ya mteremko, na juu pakaachwa wazi. Siku niliposikia habari hiyo nilishusha pumzi mpaka ofisi nzima ikageuka.

Basi, mwanangu, ukipewa kazi ya kuangalia kwa niaba ya wengine, fika kwa miguu yako, tazama, uliza. Na ukikosea, sema mapema, kabla matofali hayajapandishwa. Utaona haya siku mbili tatu, halafu utalala vizuri.

Mungu akulindie macho yako, akupe nyumba ambayo ukifungua mlango unaona mbali, na wanao waone mbali kuliko wewe.