Delma Hana Ruhusa

Delma Abellanosa alikuwa na ugomvi mmoja na dunia: watu hawasomi. Mfumo wa hesabu na ghala ukiwakatalia kazi, wanampigia simu pale Cebu, Ufilipino, wakimwita Ate, yaani dada mkubwa: "Ate Delma, imeandika kosa!" Kosa gani? Hawajui, wameshalifunga. Naye hujivutia jaketi, maana kiyoyozi cha ofisi ile hakina huruma, akawaambia taratibu, "Soma ujumbe mpaka mwisho, mdogo wangu. Jibu limo humo humo."

Wiki ile ukazuka mnong'ono kwamba mmoja wa mafundi wa ofisi ile ataachishwa kazi. Delma, mjane mwenye kijana anayeingia chuo, hakupata usingizi mpaka alipomuuliza Jonel Tumulak, Ijumaa jioni. Jonel ndiye aliyeshika funguo za mfumo, anayempa mtu ruhusa na kumnyang'anya. Tena ndiye baba wa ubatizo wa kijana wake, ndiyo maana waliitana Mare na Pare.

"Si wewe, Mare," Jonel alisema, mkono kifuani. "Ingekuwa wewe, mimi ndiye ningejua wa kwanza."

Hayo ya mwisho yalikuwa kweli tupu, na ndiyo yanayonichefua.

Jumatatu asubuhi kila alichogusa Delma kilimjibu: Huna ruhusa. Akazima mashine, akawasha, akabadili nywila. Huna ruhusa.

"Pare, nimefungiwa!" akaita ng'ambo ya meza.

"Labda mtandao," Jonel akajibu bila kuinua macho. "Mimi mwenyewe sijaingia leo. Ngoja tule kwanza, nimeleta puso, wali wetu wa kufungwa kwa majani ya mnazi, na kuku wa kuchoma."

"Wewe na tumbo lako!" Delma akacheka. Masikini, alicheka kwa moyo wote.

Lakini fundi hangoji chakula. Akamwendea Weng, ambaye hushika nafasi ya Jonel kila huyo anapokwenda likizo, akamwomba amfungulie akaunti yake waone kilichopungua. Weng akabonyeza. Ujumbe ukatokea, na Delma akausoma kwa sauti kama anavyowafundisha wateja:

"Akaunti ya Delma Abellanosa haifunguki. Inarekebishwa sasa hivi na Jonel Tumulak."

Weng akainamia kibodi. Mfumo ule haukubali watu wawili washike akaunti moja kwa pamoja. Wa pili akibisha hodi, hutajiwa jina la aliye ndani. Jonel aliyajua hayo kuliko wote, lakini mwenye hatia husahau hata kazi yake.

Delma akamgeukia Jonel. Kufukuzwa kungemuuma, ndiyo, lakini kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii aliivaa mwenyewe kanisani.

"Mare, waliniambia Ijumaa," Jonel akasema, uso umemshuka. "Wakanikataza kusema. Nilitaka angalau ule, ushibe..."

"Ulikuwa unaninenepesha kama nguruwe wa fiesta?"

"Ningefanyaje?"

"Ungeniambia! Ningelia, ningekutukana, kisha ningekushukuru. Umeniacha asubuhi nzima nahangaika na kosa, kumbe kosa ni mimi!"

Akachukua mkoba wake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Jumapili unakuja kwetu," akasema. "Mwanangu atauchukua mkono wako auweke kwenye paji la uso wake, akuombe baraka. Unawe kwanza, Pare."