Mpira Nilioukanyaga Majanini

Shemeji yangu, mwalimu mstaafu wa Nyamache, ndiye aliyenifundisha gofu nilipofungua duka langu la dawa mjini Kisii. Alinionyesha jinsi ya kushika fimbo, kisha akanionya: ukiusogeza mpira wako, hata kwa bahati mbaya, jiongezee mpigo mmoja, maana katika gofu mwenye mipigo michache ndiye mshindi.

Jumapili moja ya mashindano ya klabu, mpira wangu ulipotelea kwenye nyasi ndefu. Shemeji alikuwa upande wa pili akitafuta wake. Nikiwa napekua nyasi kwa mguu, nikahisi mpira unateleza chini ya kiatu. Niliurudisha palepale ulipokuwa, nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeniona. Radi ilikuwa imeshaanza kunguruma. Nikapiga, nikaendelea, na ule mpigo wa adhabu sikuuandika kwenye kadi.

Nilishinda kwa mpigo mmoja tu. Wakanipigia makofi, wakanipa mwavuli mkubwa. Shemeji alinisifu mbele ya watu hadi nikatamani ardhi inimeze.

Siku tatu sikuufungua ule mwavuli hata mvua iliponyesha. Siku ya Sabato ningewezaje kusimama mbele ya watoto kanisani niwafundishe amri za Mungu? Jumatano nilifunga duka saa sita, nikauchukua ule mwavuli, nikaenda ofisini kwa nahodha wa klabu, mama mmoja mwanasheria.

"Nimekuja kuurudisha," nikasema, nikamweleza yote bila kumtazama usoni.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ulikuwa unautafuta mpira?"

"Ndiyo."

"Uliusogeza makusudi?"

"Hapana."

"Na uliurudisha mahali pake?"

"Palepale."

Akafungua sheria kwenye simu yake, akanisomea taratibu. Mpira ukisogezwa kwa bahati mbaya wakati unatafutwa, hakuna adhabu. Unarudishwa tu na mchezo unaendelea. Zamani ulikuwa unaongeza mpigo, akasema, lakini sheria ilibadilishwa na wengi hawana habari.

"Kwa hivyo sikuiba?"

"Hukuiba, dada. Ila siku nyingine mwambie mwenzako palepale, usijitese."

Machozi yalinitoka huku nacheka. Niliposhuka ngazi nilimpigia shemeji simu.

"Yaya, yaya!" akakataa kwa Kigusii. "Huo ni mpigo mmoja!"

Nikamweleza kama nilivyosomewa, neno kwa neno. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Kumbe miaka hii yote nimekuwa najiadhibu bure?"