Nafasi ya Abiria wa Tatu

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hutacheka. Haya yamenipata mimi mwenyewe pale Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa, nikiwa na akili zangu timamu.

Kazi yangu ni kuandika programu. Mitumbwi ya Ikombe niliifungia kifaa cha redio kinachotangaza mahali ilipo, na kila abiria huvaa kitufe shingoni cha kuombea msaada. Ndani ya kifaa, kiini cha mfumo ndicho kinachogawa kumbukumbu. Kila kazi, iwe redio au kitufe cha abiria, hupewa staki yake, mahali pa kupanga mambo yake moja juu ya jingine, kama vyungu. Yakizidi kimo yanamwangukia jirani, na kifaa kizima kinazimika.

Jioni ile upepo ulilichafua ziwa, na mdogo wangu Ambokile alikuwa majini na abiria. Kifaa chake kikawa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika. Staki ya redio ilikuwa imefurika. Kuiongeza ningeweza, hapo hapo nilipokaa nyumbani na kompyuta yangu, lakini nafasi niitoe wapi? Yote nilishaigawa. Nililia, sikufichi.

Ndipo nikamwona mama mmoja kando ya meza. Mlango sikuusikia. Kitenge chake chekundu kilikuwa kinachuruzika maji, vidole vimejaa udongo wa kufinyangia.

“Chukua ya abiria wa tatu, mwanangu,” akasema taratibu. “Mpe mdogo wako.”

Wewe ungeuliza nini saa ile? Nikaifuta staki ya kitufe cha tatu, nikaipa redio. Nilipogeuka kumshukuru, kumwambia ndaga fijo, hakuwepo. Palikuwa na maji tu sakafuni.

Redio haikuzimika tena, wenye boti wakajua mtumbwi ulipo, wakawafikia. Ambokile alirudi salama. Akanisimulia kwamba taa ya kifaa ilipotulia tu, wimbi lilimchukua abiria wa tatu, mfinyanzi mwenye kitenge chekundu. Waliuona mkono wake ukibonyeza kitufe, ukibonyeza tena, mpaka ukazama. Kwangu hakikufika kitu.

Yaani nilipokuwa namfuta, yule mama alikuwa bado amekaa mtumbwini, mzima. Sasa niliyeongea naye alikuwa nani?

Siku hizi kila kifaa nakiachia staki moja tupu, isiyo ya mtu. Niamini, kila nikiikagua naikuta imejaa. Kuna anayebonyeza.

Nawe, shida ikikubana, akatokea mtu akakupa nafasi yake, usiipokee haraka. Muulize kwanza yeye atakaa wapi.