Njia ya Mkubwa

Niliondoka Sumbawanga kwa sababu ya glasi ya chai.

Ulikuwa mwaka ule wa kuhamia vijijini. Nilikuwa nimekaa mtaa wa Mazwi wiki tatu, nikibeba magunia kwa Mzee Salumu, mwenye duka na lori moja. Ninyi wa Kilosa mnanijua: niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijakaa mahali pakanizoea. Basi mchana mmoja niliweka glasi yangu juu ya kaunta, nayo ikaanza kutembea yenyewe, polepole, kama inayokwenda sokoni bila haraka. Makopo yakalia kwenye rafu. Glasi ilipofika ukingoni, Mzee Salumu aliidaka bila kuinua macho kwenye gazeti.

"Nini hicho, mzee?"

"Tetemeko. Kunywa chai yako."

"Linatoka wapi?"

"Bondeni, upande wa Ilemba. Huku juu linapanda kusalimia tu."

Mtu mwingine angekunywa chai yake. Mimi nilisikia lori linakwenda Ilemba kesho yake, nikaomba nafasi juu ya magunia ya chumvi.

Asubuhi saa mbili tulikuwa bado kwenye uwanda wa Ufipa, nchi ya nyasi na upepo, ambako miti ni ya kuhesabu na baridi haina haya. Nilijifunika gunia tupu. Mashamba ya ulezi yalipita, kisha vijiji vipya vilivyonyooka kama mistari ya daftari, kisha nyasi tena.

Saa nne nchi ikaisha. Sina namna nyingine ya kusema. Mbele yetu palikuwa na hewa tupu, na chini kabisa bonde, na mbali ziwa Rukwa limelala jeupe kama shuka iliyoanikwa. Ukuta ule wa mlima wenyeji huuita Lyamba lya Mfipa. Dereva wetu, Bakari, alisimamisha lori, akapiga breki mara tatu kuzijaribu.

"Kama una dhambi, ungama sasa," akaniambia.

"Wewe Mwislamu, Bakari, kuungama umekujulia wapi?"

"Kwenye kona hizi mimi ni wa dini zote."

Tulishuka kwa gia ya kwanza. Masikio yaliziba, yakazibuka, yakaziba. Gunia nililivua, kisha shati. Tulipofika chini nilikuwa nimetoka baridi ya Juni nikaingia tanurini, katika asubuhi moja.

Saa nane mchana Bakari alinishusha kijiji kimoja kabla ya Ilemba, chini ya mlima, akanikabidhi kwa Mama Skolastika, mfinyanzi aliyezoea kumpa maji ya rejeta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata nini huku kwenye joto?"

"Nataka kuona ardhi ikitikisika."

Alinitazama, akamtazama Bakari. "Huyu mzima?"

"Mzima. Ana udadisi tu."

Alinipa ugali wa ulezi na samaki mkavu wa Rukwa, nami nikiwa natafuna nikaikagua nyumba. Vyungu vyake havikupangwa kupita kimo cha goti. Mlango ulifungukia nje. Nilipouliza, alijibu kama anayeeleza kwa nini paa liko juu: "Kwa sababu ya Mkubwa. Jana tu alipita."

Nikafikiri anasema mkuu wa wilaya. Nikauliza kama alikuja na gari. Mama Skolastika alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni mwanawe Krispin alirudi, mabega yana udongo, nyuma yake mkewe Veronika, mjamzito wa karibu kujifungua, anatembea huku ameshika kiuno. Krispin alikuwa anajenga kwenye kijiji kipya. Jumamosi kamati ingekuja kukagua, na familia ambayo haijahamia, nyumba yake ya zamani ingeezuliwa. Yeye alibakiza paa tu.

"Hongera," nikasema.

Veronika alisema polepole, "Mimi kule siendi kuzalia."

Siku ya pili asubuhi Krispin alinipeleka nikaone. Kutoka porini mpaka porini palikuwa na ngazi moja ya ardhi, upande mmoja juu, upande mwingine chini, kimo cha kiuno, imenyooka kama uzi. Katikati ya kijiji kipya walikuwa wameisawazisha kwa majembe, na nyumba tisa zimepangwa juu yake, ya Krispin mojawapo.

"Hii ndiyo Njia," alisema Krispin. "Njia ya Mkubwa. Akipita, anapita hapa. Babu zetu walijenga mbali nayo."

Sasa nikaelewa. Mkubwa ni tetemeko. Hawalitaji ovyo, wanaliheshimu.

"Na aliyepima kijiji hakuambiwa?"

"Tulimwambia. Bwana Ambokile, mtu wa Mbeya, si mbaya. Alikuja na kamba na vigingi. Akauliza, 'Hii nini?' Tukasema, 'Njia.' Akauliza, 'Ya nani?' Tukasema, 'Ya Mkubwa.' Akafurahi, akaandika."

"Aliandika nini?"

"Barabara ya zamani ya mkoloni. Akasema imetupunguzia kazi."

"Nanyi mkanyamaza?"

"Alivyofurahi, tulidhani kwao Mbeya hawamwogopi. Baadaye tulipojua, alishapeleka karatasi. Karatasi ikishakwenda, ndugu yangu, nani ataifuata?"

Mimi sina cheo wala shamba la kunyang'anywa, nikaona naweza kuifuata. Mchana nilimkuta Bwana Ambokile chini ya turubai, miwani kwenye paji la uso, anapiga mistari kwa rula. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, hilo sitamnyima.

"Kijana, umesoma mpaka wapi?"

"La tano."

"Mimi Bonde la Ufa nimelichora kwenye mtihani, nikapata alama zote. Ardhi inaachana, bonde linashuka, yote najua. Lakini ile ni barabara. Umeona ilivyonyooka? Kitu gani cha porini kinanyooka vile?"

Alisema kesho ataanza kukagua kwa Krispin, ili niache wasiwasi.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, alifika. Alimsifu Krispin kwa kuta, akaingia ndani, akafunga mlango kuona kama umekaa sawa. Mlango huo, kwa kufuata ramani yake, ulifungukia ndani. Sisi tulibaki nje: Krispin, Mama Skolastika, Veronika, na mimi.

Kuku walinyamaza kwanza. Kisha ikaja sauti kama lori la Bakari linapita chini ya miguu yetu. Nilikuwa nimesafiri kuja kuona ardhi ikitikisika, na nilichokiona ni vidole vyangu vya miguu, kwa sababu nililala kifudifudi. Haikuzidi muda wa kuvuta pumzi mbili. Nilipoinua kichwa, nyumba ilikuwa imesimama, ila imekuwa mbili: nusu imeshuka upana wa kidole, na ufa umepanda kutoka msingi mpaka juu.

Mlango ukagongwa kutoka ndani.

"Krispin! Umekwama!"

"Vuta, bwana!"

"Navuta!"

Fremu ilikuwa imepinda. Tulimtoa dirishani, kichwa kwanza, Krispin ameshika mkono mmoja na mimi mwingine, miwani imebaki ndani. Alikaa chini mweupe kwa vumbi. Mama Skolastika alimletea maji kwenye kibuyu, akapiga magoti kama anavyompokea mgeni yeyote.

"Bwana," alisema taratibu, "ndiye huyo Mkubwa."

Bwana Ambokile alikunywa yote. Alimtazama Veronika, akatazama tumbo lake, akatazama ufa. Kisha akaniomba nimchukulie faili lake turubaini.

Mchana ule alivuta kamba upya, hatua mia tatu kutoka kwenye Njia, safari hii Mama Skolastika akitangulia na yeye akifuata na vigingi. Jumamosi kamati ilipokuja, Krispin alikuwa na nguzo nne tu na mlango unaofungukia nje. Ilitosha. Karatasi yenye mkono wa Bwana Ambokile ilisema familia imehamia, na nyumba ya zamani isiguswe hadi mama ajifungue. Chini yake alikuwa ameandika sababu, mistari mitano, na neno "barabara" amelikata mara mbili.

Jumatatu nilipanda na Bakari kurudi baridini. Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba maswali yangu ni mengi. Pale kwenye Njia Ambokile aliuliza mawili, tena mazuri. Lilibaki moja.

Mazwi nilimkuta Mzee Salumu na gazeti lake.

"Umeliona?"

"Nimelisikia zaidi."

"Haya, panga duka vizuri. Kesho Mkubwa anapita hapa."

"Mkubwa yupi?" nikauliza, na kabla hajajibu nilikuwa nimeanza kushusha glasi za rafu ya juu.